Kanda ya Tatu

Binti yangu ananiambia nivumilie. Tumekaa kwenye kochi, simu yake ameiegemeza kwenye chupa ya chai, na kwenye kioo chake msichana mwenye macho makubwa kama visosi anamrushia mvulana kiatu. Ni katuni za Kijapani, yeye anaziita anime, hizi za mapenzi na vichekesho. "Mama, sehemu ya kwanza huwa mbovu," ananiambia. "Wanatukanana tu. Usiache. Ukifika ya nne mwenyewe utaipenda." Ananihurumia. Arobaini ya bibi yake imepita juzijuzi, na anadhani kucheka kutanisaidia. Hajui kwamba katuni za namna hii nilizijua kabla yeye hajazaliwa, kwamba niliziamini hivyohivyo anavyoziamini yeye, na kwamba imani hiyo ndiyo iliyomaliza nyumba yetu. Sijapata kumwambia mtu. Mama yangu amekufa bila kujua, nami nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake.

Tulikaa Mwembesongo, mjini chini ya milima ya Uluguru, vyumba viwili vya kupanga, enzi zile za ruksa. Wenzangu wa umri huu wanakumbuka. Sabuni ilirudi madukani, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na watu wazima walikuwa wakiambiana "siku hizi kila kitu kipo" kwa sauti ambayo mimi niliidhania ni ya furaha. Baba alikuwa mtu wa mashine katika kiwanda cha nguo. Alinukia mafuta na vumbi la pamba hata siku ya Jumapili, baada ya kuoga na kuvaa shati jeupe. King'ora cha kiwanda kilipolia alasiri, Mama aliinjika maji ya ugali, kwa sababu kabla hayajachemka Baba angekuwa mlangoni. Na akifika mlangoni Mama alimpokea kwa maneno yaleyale kila siku ya Mungu.

"Mpagazi wee, tua mzigo!"

"Nitue wapi, Mluguru? Nyie kwenu hata sufuria haikai, kila kitu kinabiringika!"

Baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora na Mama Mluguru wa juu kabisa mlimani, kijiji cha misheni ambako kengele ya kanisa inasikika kabla ya kanisa lenyewe kuonekana. Kwa hiyo walikuwa watani. Mama alimkumbusha Baba kwamba babu zake walikuja pwani na pembe za ndovu za watu wengine vichwani, na Baba alimwambia Mama kwamba Waluguru wote wana mguu mmoja mfupi kwa kutembea kwenye mteremko. Na sheria ya utani ilikuwa moja tu, Baba alinifundisha mapema: mtani hakasiriki. Ukikasirika umeshindwa. Ukitukanwa, cheka, halafu tafuta la kwako.

Hata kujuana kwao kulianza kwa ubaya. Mama alinisimulia mara nyingi, maana nilimwomba mara nyingi. Siku ya kumzika babu yangu, Baba, kijana mgeni aliyepandishwa huko mlimani na mwenzake wa kiwandani, aliruka ndani ya kaburi lililokuwa limekwisha chimbwa, akajilaza chali, akasema hatoki mpaka aletewe kuku, kwa sababu mlima umemmaliza magoti. Ndivyo watani wanavyofanya msibani, na wazee walicheka, wakambembeleza kama desturi ilivyotaka. Mama hakucheka. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minane na aliyekuwa anazikwa ni baba yake. "Nilimchukia mpaka meno yakaniuma," alikuwa akisema. Siku ya arobaini Baba alipanda tena mlima, safari hiyo kimya, akapasua kuni kutwa nzima bila kusema na mtu. Jioni Mama alimpelekea maji ya kunywa, akamwambia, "Mpagazi, tua mzigo." Ndoa ilitokea hapo.

Nasimulia haya ili mnielewe zile kanda zilipofika.

Jirani yetu Baba Hepi, dereva wa lori, alileta kutoka Dar televisheni na deki ya video ya mtumba ya Kijapani. Ndani ya boksi lake zilikuwamo kanda tatu ambazo mwenyewe huko Japani alizisahau au alizitupa. Kwa muda mrefu hatukuwa na nyingine za kuangalia. Jumamosi mchana watoto wa mtaa mzima tulijipanga mlangoni kwake, na kiingilio kilikuwa ndoo moja ya maji. Mke wake hakuwahi kuwa na mapipa yaliyojaa kama mwaka ule.

Kanda ya kwanza ilizomewa. Tulitarajia karate. Badala yake tukaona katuni: msichana wa baiskeli, anapeleka vitu vyeupe kama jibini nyumba hadi nyumba, anamgonga mvulana aliyekuwa juu ya ngazi akipaka rangi ubao wa duka. Rangi inamwagika. Msichana anashuka, anampiga kofi yeye aliyegongwa, anamfokea mpaka anabaki mdomo tu, uso wote umepotea. Hakuna aliyejua neno hata moja la Kijapani. Na mvulana yule kila akimwona msichana damu ilimtoka puani, tukakubaliana kwamba ana malaria kali na waandishi wamesahau kumpeleka hospitali. Wavulana walidai ndoo zao za maji zirudishwe. Baba Hepi mwenyewe alisema atairekodia kwaya juu yake.

Mimi nikasimama, mtoto wa miaka tisa, nikawaambia kwa ujeuri wote niliokuwa nao, "Nyie hamjui. Hawa ni watani."

Nililiona lile jambo wazi kabisa. Pale walipoona ugomvi, mimi niliona kaburi na kijana amejilaza ndani yake. Niliwaeleza wenzangu kila tukio. Sasa anamwambia mguu wake mmoja mfupi. Sasa huyu anatafuta la kwake. Basi, nikawa mfasiri wa mtaa, na polepole kanda ile ikaanza kupendeza, sijui kwa uzuri wake au kwa maneno yangu. Kanda ya pili msichana alimletea mvulana mwavuli, akamtupia, akakimbia. Kanda ya tatu ilijaza sebule mpaka watu wakachungulia madirishani, mama zetu wakiwamo. Mwishoni mwa kanda hiyo mvulana anaondoka. Amefunga begi, yuko stesheni, yuko ndani ya treni. Msichana anakuja na baiskeli, anaiangusha, anakimbilia dirishani huku nywele zimemkaa vibaya. Anamnyooshea kidole. Anamfokea kwa nguvu kuliko siku zote. Mvulana anamtazama, halafu anacheka, anacheka sana mpaka machozi yanamtoka, halafu anashuka. Baba Hepi, mwanamume mwenye shingo kama gogo, alijipangusa macho kwa kofia yake.

Niliyajua maneno ya msichana yule bila kuambiwa na mtu. Alimtukana. Alimtukana tusi kubwa kuliko yote aliyowahi kumtukana, ndiyo maana mvulana akashuka. Nilikwenda nyumbani nikiwa na uhakika huo kama nilivyokuwa na uhakika wa sala ya Baba Yetu.

King'ora kilinyamaza mwaka huohuo. Kwanza walipunguza watu, Baba akabaki, halafu wakapunguza tena na hakubaki. Mama hakuwa tena na cha kumwambia saa ya kuinjika maji, ikawa anachungulia jua. Baba alikaa kibarazani na shati lake jeupe siku za kazi, na harufu ya mafuta ya mashine ikaanza kumtoka kidogo kidogo, mpaka nikawa naitafuta kwenye kola yake bila kuipata. Chakula chetu kikawa kinashuka mlimani. Mjomba Damasi, kaka mkubwa wa Mama, alikuja na tenga la kabichi, karoti na njegere, na mahindi kutoka shamba la ukoo. Kwa Waluguru ukoo ni wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Watoto ni wake, shamba ni lake kuligawa. Kwa hiyo Baba alikuwa anakula mkononi mwa shemeji yake, na kila mtu alilijua hilo isipokuwa mimi.

Mimi nilichokiona ni kwamba Baba aliendelea na utani, Mama akaacha. "Kabichi za Waluguru hazina chumvi." Mama kimya. "Mluguru siku hizi anapima matonge." Mama kimya, anaosha sahani. Maneno ya Baba yalizidi kuwa makali, na mimi nilicheka kila aliposema, kwa kuwa ndiyo adabu ya utani, mwenye kutazama acheke. Siku moja Mama aliniangalia nikicheka na macho yake yakanishangaza, lakini sikuyaelewa. Nilidhani ugonjwa wa nyumba yetu ni ule ukimya wake. Nilidhani angemjibu Baba mara moja tu, vizuri, kwa mdomo wa zamani, kila kitu kingerudi mahali pake. Tulikuwa kwenye kanda ya kwanza, mimi nikasema moyoni. Ya kwanza huwa mbovu.

Ilikuwa alasiri ya masika. Mjomba alikuwa ametua tenga, amekaa kwenye kigoda kibarazani, na Mama alikuwa anamenya njegere. Baba alisimama mlangoni, akasema, "Shemeji kaja kuhesabu midomo." Mjomba aliinama. Alitoa matope kwenye kiatu chake kwa kijiti, akamaliza kiatu kimoja, akahamia cha pili, ndipo aliposema, "Mpagazi akishafikisha mzigo wa watu, huchukua kilicho chake akaenda kwao."

Nikacheka kwa sauti. Niliona ni utani mzuri kupita wote niliowahi kusikia, wenye wapagazi na mizigo na safari ndani yake. Nilicheka peke yangu. Baba hakumtazama Mjomba, alimtazama Mama. Alingoja. Mama aliinamisha kichwa, akaendelea kumenya, njegere zikawa zinalia kwenye sinia moja moja. Baba akaingia ndani, akatoka na begi lake, akanishika kichwani akipita, akaenda zake stesheni.

Kama treni ingefika kwa wakati wake, hadithi hii ingekuwa ya Baba na Mama peke yao, na mimi ningekuwa mtoto tu aliyeachwa. Lakini maji yalikuwa yamekata tuta la reli upande wa Kingolwira, treni ya bara ikakwama huko, na asubuhi jirani alipita akasema abiria wamelala stesheni na Baba yumo. Mama alinivuta nyuma ya nyumba, penye migomba, kwa sababu Mjomba alikuwa bado kibarazani anakunywa uji. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alinishika mabega yote mawili.

"Sesi. Kimbia stesheni. Mwambie baba yako nimesema arudi. Umesikia? Nimesema arudi."

"Nimwambie hivyo tu?"

"Hivyo tu. Arudi."

Nilikimbia. Njia nzima nilikuwa nayashika yale maneno mdomoni na kuyaona hayana nguvu. Arudi. Mtu hashuki kwenye treni kwa neno kama hilo. Nilimwona msichana wa baiskeli na kidole chake. Nikamwona Mama wa zamani mlangoni. Nikafikiri, Mama amesahau namna ya kusema, mimi nitamsemea. Nilitafuta tusi kubwa kuliko yote na sikuhangaika kulitafuta, lilikuwa jipya kabisa masikioni mwangu, tangu jana.

Baba alikuwa amekaa juu ya begi lake, ndevu zimemchomoza, miongoni mwa wauza machungwa na mayai na wauza kahawa. Aliponiona alisimama. Uso wake ulifunguka, akatazama nyuma yangu kuona nimekuja na nani.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Mama yako yuko wapi?"

"Nyumbani. Kanituma."

"Kakutuma?" Alichuchumaa tukalingana. "Kasemaje?"

Nikarudi nyuma hatua moja. Nikamnyooshea kidole kama yule msichana. "Kasema, mpagazi akishafikisha mzigo wa watu, huchukua kilicho chake akaenda kwao!"

Muuza kahawa alicheka, akagonganisha vikombe vyake. Baba alinitazama. "Mama yako kasema hivyo?"

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Akacheka. Alicheka sana, alicheka mpaka akakohoa, mpaka machozi yakamtoka. Nami moyo ulinijaa furaha ambayo hadi leo naikumbuka ilivyokuwa, kwa maana yote yalikuwa yanatimia kama kwenye kanda: kidole, tusi, kicheko, machozi. Lilikuwa limebaki moja tu. Baba alininunulia yai la kuchemsha, akalimenya mwenyewe, akalitia pilipili na chumvi. "Kula hapahapa nikuone," akasema. Alinitazama nikila mpaka nikamaliza. Treni ilipoingia alibeba begi lake. "Mwambie mama yako nimesikia."

Nilisimama pale nikingoja ashuke. Nilimwona dirishani, hakuwa anacheka tena. Treni ikajivuta, na mimi bado nikangoja. Behewa la mwisho lilipopita nikajiambia atashukia Kimamba, stesheni ya mbele, kwa kuwa kwenye katuni stesheni zilikuwa karibu karibu.

Nilirudi nikikimbia kuliko nilivyokwenda. Mama alikuwa palepale nyuma ya nyumba, ameinamia beseni anaosha mchele. Mchele ulikuwa wa sikukuu, hatukuwa watu wa wali siku za kawaida.

"Ulimkuta?"

"Nilimkuta."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Alicheka, Mama!" nilisema, na nilikuwa narukaruka. "Alicheka sana! Akasema nikwambie amesikia."

Mikono ya Mama ilibaki ndani ya maji. Baadaye kidogo aliutoa mchele, akaumwaga tena kwenye mfuko wake ukiwa mbichi, umelowa. Ukaota ukungu, tukautupa.

Hakurudi. Mama hakumwandikia, kwani utamwandikiaje mtu uliyemwomba akacheka. Baba hakuandika, kwani utaandikaje pale ulipoambiwa uchukue kilicho chako. Nilipata kujua nilichofanya nikiwa na miaka kumi na miwili. Mama alikuwa anamsuka jirani kibarazani, akamwambia kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo la kale, "Mimi nilimwita. Nilimtuma mtoto. Alicheka." Nilikuwa ndani napiga pasi. Pasi ilikaa juu ya gauni mpaka likaungua, na nilipigwa kwa ajili ya gauni. Ningeweza kusema siku ile. Ningepigwa zaidi, Mama angepanda treni, na labda wangeonana. Nilijiambia nitasema kesho. Nilisema hivyo miaka miwili. Halafu siku moja alikuja mtu kutoka Tabora, akavua kofia mlangoni, na tukaambiwa Baba amezikwa tangu masika.

Basi ikawa hakuna tena wa kusaidiwa na ukweli. Ndivyo nilivyojidanganya. Mama hakuolewa tena. Mjomba alitulisha mpaka nikamaliza shule, na nilikula kabichi zake nikijua. Mara mbili tatu utu uzimani nilianza kusema, "Mama, kuna jambo," na kila mara nikamalizia kwa habari ya bati au ya ada ya mtoto. Watu husema ukweli humweka mtu huru. Mimi niliangalia nani angewekwa huru, nikamwona ni mimi peke yangu, na Mama angebaki na nini? Angebaki na mume aliyemtaka na mtoto aliyemfukuza. Hiyo ndiyo hoja niliyoishi nayo, na hata sasa sijui kama ni huruma au ni woga uliovaa nguo za huruma. Nadhani ni woga.

Binti yangu amebonyeza ya pili. "Unaona," ananiambia, "wameanza kuzoeana." Namwambia naona.

Wiki ya mwisho Mama alikuwa hawezi kukaa. Chumba kilinukia detoli na maganda ya limau, na mvua ilikuwa imeshuka Uluguru, unaisikia inakuja kabla haijafika mjini. Nilidhani amelala. Akasema, macho yamefumba, "Sesi. Siku ile stesheni."

"Naam, Mama."

"Nilikupa neno moja tu. Arudi. Nimekuwa nafikiri lilikuwa dogo. Labda ningeongeza lingine."

Ukweli ulikuwa pale mdomoni, haukuhitaji hata kusukumwa.

"Lilitosha, Mama," nikasema.

"Na alicheka?"

"Alicheka."

"Basi," akasema, akaniomba nimgeuze alale upande wa ukutani.